Skrini ndogo, skrini pana: kupanga programu ya simu isivunjike

Weka simu mbili mezani, zote za inchi 6.6. Moja ni ya bei nafuu. Kioo chake kina pikseli 720 kwa 1600. Ya pili imepanda bei kidogo na ina 1080 kwa 2400. Fungua programu ileile kwenye zote mbili. Kama aliyeitengeneza anaijua kazi yake, maandishi yatalingana kwa jicho na vitufe vitalingana chini ya kidole gumba, ingawa simu ya pili imetumia pikseli mara mbili na zaidi kuchora kitu kilekile.

Halafu ichukue ile ya kwanza, umpe mzee ambaye macho yameanza kuchoka. Anaingia kwenye mipangilio ya simu, anakuza maandishi, anakuza na onyesho lenyewe, kisha anarudi kwenye programu. Kioo hakijabadilika hata milimita moja, lakini neno "Hifadhi" sasa limekatika katikati na nusu ya kitufe chake imesukumwa nje ya skrini.

Hapo ndipo wasanidi wengi wachanga, watu wa kuandika programu, wanapochanganyikiwa, kwa sababu wamezoea kusikia kwamba tatizo ni wingi wa simu sokoni: Tecno ina kioo hiki, Samsung kile, itel kingine, basi tuandike sheria kwa kila kimoja. Orodha hiyo haina mwisho, na hata ukiimaliza haitamsaidia yule mzee. Swali lenye faida ni jingine: sehemu hii ya programu yangu, sasa hivi, imepewa nafasi kiasi gani? Programu inayojiuliza hivyo kila inapochorwa haina haja ya kujua jina la simu.

Pikseli, dp na kidole gumba

Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream ya mwaka 2008, ambayo Wamarekani waliijua kama T-Mobile G1, ilikuwa na kioo cha inchi 3.2 chenye pikseli 320 kwa 480. iPhone ya kwanza, iliyotoka mwaka mmoja kabla yake, nayo ilikuwa na 320 kwa 480. Kwa muda mfupi watu waliishi kwa raha. Unataka kitufe kikae mahali fulani, unaandika pikseli ya 40 kutoka kushoto, ya 200 kutoka juu, umemaliza. Android hata ilikuwa na chombo cha kazi hiyo, AbsoluteLayout, ambacho kiliachwa rasmi mwaka 2009. Mwaka uliofuata Apple wakatoa iPhone 4: kioo cha inchi 3.5 kama cha zamani, lakini sasa kina pikseli 640 kwa 960. Kitu kilichopimwa kwa pikseli kingeonekana nusu ya ukubwa wake.

Suluhisho la Apple na Google, wenye Android, lilikuwa kutenganisha kipimo cha mbunifu na nukta za kioo. Apple wakaita pointi. Android wanaita dp. Dp moja ni pikseli moja kwenye kioo kinachohesabiwa kuwa na pikseli 160 kwa kila inchi. Kioo kikihesabiwa 320, dp moja inakuwa pikseli mbili. Kikihesabiwa 480, zinakuwa tatu. Kwa hesabu: pikseli ni dp mara msongamano (hizo pikseli kwa inchi), ugawanye kwa 160. Rudi kwenye zile simu mbili za mezani. Ya kwanza ina pikseli 720 na msongamano wa 320, kwa hiyo upana wake ni dp 360. Ya pili, ikiwa na pikseli 1080 na msongamano wa 480, nayo ni dp 360. Kwa programu, hizo ni skrini zenye upana mmoja.

Kuna jambo ambalo maelezo mengi hulipita haraka. Ule msongamano si kipimo halisi cha kioo. Ni namba ya kukadiria ambayo mtengenezaji wa simu ameichagua. Kioo cha inchi 6.6 chenye 720 kwa 1600, ukikipima kweli, kina pikseli kama 266 kwa inchi, si 320. Ndiyo maana kitufe cha dp 48, kiwango cha chini ambacho Google wanapendekeza kwa kitu cha kuguswa, kwa hesabu tupu kingekuwa milimita 7.6, lakini kwenye kioo hicho kinatoka na milimita 9 na kidogo. Dp ni makubaliano, usiishike kama rula. Bado inatosha kabisa kwa kazi yake, maana kidole nacho hakina vipimo vya kiwandani.

Maandishi yana kipimo chao, sp. Ni dp iliyozidishwa kwa ukubwa wa maandishi aliouchagua mwenye simu. Tangu Android 14 ya mwaka 2023, ukubwa huo unaweza kufika asilimia 200, na mfumo umeongezwa busara kidogo: herufi ambazo tayari ni kubwa hukua kwa kiasi kidogo kuliko zile ndogo, ili kichwa cha habari kisimeze skrini nzima. Wapo wanaoandika ukubwa wa maandishi kwa dp makusudi, ili mtumiaji asiweze "kuharibu dizaini." Mimi naona huko ni kumfungia mlango mtu aliyekwisha kukwambia kwamba haoni vizuri.

Na ipo mipangilio mingine ambayo wasanidi huisahau: ukubwa wa onyesho, ulioingia na Android 7.0 mwaka 2016. Huu haugusi maandishi peke yake. Unabadilisha msongamano wenyewe. Ile simu ya pikseli 720 ikipandishwa kutoka 320 hadi 360, upana wake unashuka kutoka dp 360 hadi dp 320. Yaani simu ya kawaida ya mwaka huu, mikononi mwa mzee, ina upana uleule wa dp wa simu ndogo ya bei ya chini kabisa yenye pikseli 480. Ukisikia msanidi anasema "simu za 320 siku hizi hazipo," mkumbushe hilo.

Dp peke yake haitoshi

Hatari ya kuijua dp ni kudhani kazi imeisha. Dp inatatua suala la wingi wa pikseli, haisemi lolote kuhusu upana. Kitufe chenye upana wa dp 340 kinakaa vizuri kwenye skrini ya 360 na kinatoka nje kwenye ya 320.

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana. Mbunifu amechora skrini ya upana wa 375, basi msanidi anachukua upana wa simu, anaugawanya kwa 375, na jibu analolipata analizidisha kwenye kila kitu: fonti, nafasi, ikoni, vitufe. Kwenye simu zinazokaribiana inaonekana kama muujiza. Ifungue kwenye kishikwambi cha dp 800 uone: ni kama fundi aliyechukua vipimo vya shati la mtoto na kuzidisha kila kitu kwa mbili ili amshonee baba mtu, mpaka vifungo vikawa vikubwa kama visosi. Mtu ananunua kioo kikubwa ili aone vitu vingi zaidi, si vilevile vilivyonenepeshwa.

Vyombo vya leo vya kuchora skrini, viwe Flutter, Jetpack Compose au SwiftUI, vinafanya kazi kwa mazungumzo yanayofanana. Mzazi anamwambia mtoto: una upana kuanzia huu hadi huu, na urefu kuanzia huu hadi huu. Mtoto anajipima ndani ya mipaka hiyo na kurudisha jibu: mimi nachukua kiasi hiki. Kisha mzazi anaamua mtoto akae wapi. Mtoto hajichagulii mahali, na mzazi hamkatii ukubwa wake isipokuwa pale mipaka ilipobana mpaka chaguo likabaki moja.

Ukiyashika mazungumzo hayo, makosa mengi yanayoonekana kama ushetani yanapata maelezo. Umeipa Container ya Flutter, yaani kisanduku cha kawaida, upana wa 100 na imejaza skrini nzima? Mzazi wake alimwekea mpaka wa chini na wa juu uleule, 360, kwa hiyo ile 100 yako haikuwa na pa kuingia. Izungushie Center, ambayo inalegeza mpaka wa chini, na mia yako itaheshimiwa. Umeweka orodha inayosogezwa ndani ya safu wima na Flutter imekataa kuichora? Safu wima ilimwambia mtoto achukue urefu wowote anaoutaka, na orodha inayosogezwa ikiulizwa hivyo jibu lake ni "nipe wote uliopo." Wote uliopo, pasipo mpaka, ni urefu usio na mwisho. Nimeona watu wakibandika SizedBox, kisanduku cha vipimo maalumu, ya urefu wa 500 hapo ili kosa liondoke. Kosa linaondoka kweli, kwenye simu yao.

Mstari mmoja wa daftari la madeni

Tushuke kwenye kitu kidogo tukiangalie kwa karibu. Tuseme unamtengenezea mwenye duka programu ya daftari la madeni. Skrini kuu ni orodha ya wateja. Kila mstari una picha ya duara yenye herufi ya kwanza ya jina, jina lenyewe, na upande wa kulia kiasi anachodaiwa. Hakuna skrini rahisi kuliko hii kuichora.

Kwenye dizaini jina ni "Asha" na kiasi ni "TSh 500." Dukani, jina ni "Mama Asha wa chapati, nyumba ya kijani," kwa sababu Asha wako watatu mtaani na mwenye duka anawatofautisha hivyo, na kiasi ni "TSh 1,250,000" maana kuna mtu amechukua saruji. Shilingi zetu zina tarakimu nyingi. Skrini iliyochorwa kwa kufikiria dola 12.50 haijawahi kukutana na milioni.

Piga hesabu kwenye skrini ya dp 360. Toa 16 kila upande, zinabaki 328. Toa duara la 40 na nafasi ya 12 baada yake, zinabaki 276. Kile kiasi cha milioni na kitu, kwa maandishi ya sp 16, kinachukua karibu dp 100. Weka tena 12 katikati. Jina limebakiwa na dp 160 na kidogo, na lile jina refu linahitaji mara mbili ya hapo. Kwenye dp 320 jina linabaki na 120 na ushei. Mwenye duka akikuza maandishi kwa asilimia 30, kiasi kinafika dp 130, na jina linabanwa kwenye chini ya 100.

Sasa ni lazima uamue nani anyang'anywe nafasi. Hili ni swali la mwenye duka kabla halijawa la msimbo. Jina likikatwa mwishoni na vinukta vitatu, mwenye duka bado atamtambua mteja wake, na likishuka mstari wa pili ni bora zaidi. Kiasi kikikatwa kinasema uongo: "TSh 1,250…" inasomeka kama elfu moja mia mbili na hamsini. Kwa hiyo kiasi hakiguswi, jina ndilo linalojipinda.

Kwenye Flutter uamuzi huo unaandikwa hivi:

```
Row(
  children: [
    Duara(herufi),
    SizedBox(width: 12),
    Expanded(child: Text(jina, maxLines: 2, overflow: TextOverflow.ellipsis)),
    SizedBox(width: 12),
    Text(kiasi),
  ],
)
```

Mstari mfupi, lakini angalia utaratibu wake. Row, yaani safu mlalo, huwapima kwanza watoto ambao hawana Expanded, kila mmoja akichukua anachohitaji. Kilichobaki ndicho anachopewa mwenye Expanded. Kiasi kinapimwa kwanza, jina linapewa salio, hata kama kwenye msimbo jina limeandikwa juu yake. Compose hufanya vivyo hivyo kwa `Modifier.weight(1f)`, na katika XML ya zamani ya Android ilikuwa upana wa `0dp` pamoja na `layout_weight`. Ukilisahau lile neno Expanded, jina litadai upana wake wote na kukisukuma kiasi nje ya skrini. Wakati wa kutengeneza, Flutter itakuonyesha michirizi ya njano na nyeusi pembeni. Programu ikishasambazwa michirizi haipo tena. Kiasi kinapotelea ukingoni kimyakimya.

Je, hapo tumemaliza? Kwenye dp 320, maandishi yakiwa asilimia 200, kiasi peke yake kinakaribia dp 180. Jina linabaki na nafasi ya herufi mbili tatu, nalo, kwa mistari miwili tu liliyoruhusiwa, litakatwa kabla halijasomeka. Expanded imetii ulichoiambia, ila ulichoiambia hakifai tena. Hapo mpangilio wenyewe ubadilike: jina juu, kiasi chini yake. Wrap ya Flutter au FlowRow ya Compose inaweza kufanya hivyo yenyewe, vitu viwili visipotoshana mstari mmoja cha pili kinashuka. Au unatumia LayoutBuilder, unasoma upana uliopewa, na chini ya kiwango fulani unachora safu wima badala ya mlalo.

Kiwango hicho kimetoka wapi? Kimetoka kwenye jina na kiasi, pale vinaposhindwa kukaa pamoja. Hatukufungua jedwali la simu.

Ukiwa kwenye mstari huohuo, andika nafasi za pembeni kwa `start` na `end` badala ya kushoto na kulia. Waswahili wa Muscat wenye simu zilizowekwa Kiarabu wataiona skrini yako ikigeuka upande wake sahihi bila wewe kuichora upya. Android inaliweza hilo tangu toleo la 4.2 la mwaka 2012.

Lini skrini ibadilike sura

Mstari ukinyumbulika, orodha nzima inanyumbulika, mpaka kiwango fulani. Ipeleke ile orodha ya madeni kwenye kishikwambi kilicholazwa chenye upana wa dp 1280. Kila kitu kiko sawa kihesabu na skrini haisomeki: jina liko mwisho wa kushoto, kiasi mwisho wa kulia, na katikati kuna jangwa ambalo jicho linalikatiza huku likipotea mstari. Kunyumbulika kumefika mwisho wake. Hapa inatakiwa skrini ya umbo jingine.

Mwaka 2011, kwenye Android 3.2, Google walileta alama kama `sw600dp`: faili la mpangilio linalotumika tu pale upande mfupi wa skrini unapofika dp 600. Siku hizi wanazungumzia madaraja ya dirisha. Upana chini ya dp 600 ni finyu, kuanzia 600 hadi kabla ya 840 ni wa kati, 840 na kuendelea ni mpana. Daraja linahesabiwa kwa dirisha, na dirisha si lazima liwe skrini nzima. Tangu Android 7.0 mtu anaweza kufungua programu mbili kwa pamoja, na iPad inafanya hivyo tangu iOS 9 ya mwaka 2015. Kishikwambi kikubwa kikigawanywa, programu yako inaweza kupewa kipande chenye upana wa simu. Tangu Galaxy Fold ya mwaka 2019, kuna na simu zinazokunjuliwa mkononi, programu ikiwa wazi, na kuhama daraja papo hapo. Programu iliyouliza "hiki ni kishikwambi?" ilipowashwa, ikaliweka jibu hilo kichwani, imekwisha kupotea.

Kwa daftari letu, dirisha finyu linaonyesha orodha. Ukimgusa mteja unaingia kwenye ukurasa wake. Dirisha pana linaonyesha vyote viwili, orodha upande mmoja na historia ya mteja upande wa pili. La kati ndilo lenye utata. Kishikwambi cha inchi 10 kikiwa wima huwa na dp 800 hivi, na hapo mimi huacha orodha peke yake, nikiizuia isizidi dp 600 na kuiweka katikati, kuliko kubana vidirisha viwili ambavyo vyote havipumui. Wengine wataamua vingine, na inategemea kilichomo ndani.

Usidhani hayo ni ya matajiri. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 Tanzania viliishia mikononi mwa walimu. Anayeandika programu ya shule leo, watumiaji wake wa kwanza huenda wasiifungue kwenye simu kabisa.

Kuna mtego mmoja hapa ambao umewanasa hata waliokomaa. Chukua simu ya kawaida yenye pikseli 1080 kwa 2340 na msongamano wa 420. Ikiwa wima, ina upana wa dp 411. Ilaze: upana sasa ni dp 891. Kwa kipimo cha upana hilo ni daraja pana, sawa na kishikwambi! Programu inayoangalia upana tu itafungua vidirisha viwili kwenye skrini yenye kimo cha dp 411, toa upau wa juu, toa vitufe vya chini, na mwenye simu anabaki akisoma madeni kupitia ufa wa mlango. Kimo nacho kina madaraja yake: chini ya dp 480 ni kifupi, na kuanzia 900 ni kirefu. Uliza vyote viwili kabla hujagawa skrini.

Wengi walikuwa wanaikwepa shughuli yote kwa kuifunga programu ikae wima daima. Kwenye simu bado inawezekana. Kwenye skrini ambazo upande wake mfupi unafika dp 600, Android 16 ya mwaka 2025 inalipuuza katazo hilo kwa programu zinazolenga toleo hilo, michezo ikiachwa nje.

Kibodi, na kuzungusha simu katikati ya kazi

Nafasi uliyopewa hubadilika hata mtu akiwa ameketi hajagusa mipangilio yoyote. Mwenye duka anagusa "Pokea malipo," anagusa sehemu ya kuandika kiasi, kibodi inapanda na kula karibu nusu ya skrini. Kama kitufe cha "Hifadhi" kilibandikwa chini kabisa, sasa kiko nyuma ya kibodi. Fomu yote iwe ndani ya kitu kinachosogezwa, na ipokee taarifa ya kimo cha kibodi: kwa Compose ni `imePadding`, kwa Flutter Scaffold inajipunguza yenyewe usipoizuia. Tangu Android 15 suala hili limekuwa la lazima zaidi, kwa sababu programu zinazolenga toleo hilo huchorwa mpaka ukingoni, nyuma ya saa na nyuma ya upau wa vitufe, na ni wewe unayetakiwa kuacha nafasi. Huko iPhone desturi ya kuacha eneo salama ilianza kuuma na iPhone X ya mwaka 2017, ile ya pengo juu ya kioo.

Halafu kuzungusha. Simu ya Android ikigeuzwa, kwa kawaida mfumo huua ule ukurasa na kuujenga upya kwa vipimo vipya. Mwenye duka ameandika 1,250,000, simu ikalala kidogo mkononi, kiasi kimefutika. Watu huliona hili kuwa tatizo la kumbukumbu lisilohusiana na mpangilio, lakini kwa mtumiaji ni jambo moja: umbo la skrini lilibadilika, kazi yake ikapotea. Kwenye Compose tumia `rememberSaveable` badala ya `remember` kwa alichoandika mtu, na vitu vizito viweke kwenye ViewModel, ambayo haifi ukurasa unapojengwa upya.

Kuhusu picha sina mengi. Ikoni ziwe za vekta, michoro inayokuzwa bila kuharibika. Picha za kawaida zitolewe kwa ukubwa kadhaa: ikoni ya dp 48 ni pikseli 48 kwenye msongamano wa 160, 96 kwenye 320, 144 kwenye 480. Ukisambaza kwa mfumo wa App Bundle, ambao duka la Google Play linaudai kwa programu mpya tangu Agosti 2021, kila simu hupakua saizi yake tu, na bando la mteja linapona.

Kuvunja kwa makusudi

Huhitaji kabati la simu ili ujaribu. Unahitaji simu moja, kebo ya kuiunganisha na kompyuta, na amri tatu za adb, chombo cha Android cha kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta:

```
adb shell wm density 360
adb shell settings put system font_scale 2.0
adb shell wm size 1080x1200
```

Ya kwanza inabadilisha msongamano. Kwenye simu ya pikseli 720 umepata upana wa dp 320. Ya pili inakuza maandishi mara mbili. Ya tatu inaidanganya simu kwamba kioo chake ni kifupi. Chagua namba zinazolingana na simu uliyo nayo. Anza na mbili za mwanzo kwa pamoja, maana ndiyo hali ya yule mzee, na ndiyo inayofichua makosa mengi kwa muda mfupi. Weka majina marefu na mamilioni kwenye data ya majaribio kabla hujafungua skrini yoyote. Pitia fomu kibodi ikiwa juu. Laza simu katikati ya kuandika. Gawanya skrini, programu yako juu na ya ujumbe chini, uvute mpaka wa katikati taratibu huku ukiangalia nini kinaruka.

Ukimaliza, andika `adb shell wm size reset` na `adb shell wm density reset`, na uirudishe `font_scale` kuwa 1.0. Mabadiliko hayo hubaki hata ukiizima simu na kuiwasha, na kama ni simu ya kuazima, mwenyewe ataipeleka kwa fundi.